Mapacha wawili, presha mbili: vipokezi vya mishipa ya damu vinavyotofautiana kwa jinsia na kwa umri

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, nina miaka 54. Nilizaliwa pacha na kaka yangu, tukalelewa nyumba moja na kula chungu kimoja hadi kila mmoja alipoanza maisha yake. Yeye aligundulika na presha akiwa na miaka 39. Mimi ujana wote nilikuwa 100 kwa 60, hata wauguzi walinitania kwamba nimekuja kuazima damu. Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 50, na miaka mitatu baadaye nikapimwa 152 kwa 94. Daktari alisema ni umri tu, lakini umri wangu na wa kaka ni uleule, ukiacha dakika 20. Je, ni kweli kwamba vipokezi vya mishipa ya mwanamke vinafanya kazi tofauti na vya mwanamume, na umri hubadilisha nini hasa? Je, nikitumia vidonge vya homoni nitarudi nilikokuwa? Sote tunameza amlodipini. Yeye hana shida, mimi miguu inavimba. Na baba yetu wa miaka 81, tangu aanzishiwe dawa ya tezi dume, akiamka usiku kwenda msalani anapepesuka.

Jibu: Mwalimu, swali lako umelijibu nusu wewe mwenyewe ulipoandika kwamba umri wenu ni uleule. Vipokezi vilivyomo katika mishipa yako na ya kaka yako ni protini zilezile. Kinachotofautiana ni uwiano kati ya vile vinavyokaza mshipa na vile vinavyoulegeza, na kwa mwanamke uwiano huo hushikiliwa kwa sehemu kubwa na homoni ya estrojeni. Umri nao hauchakazi pande zote mbili kwa kasi moja. Upande wa kulegeza ndio huchoka kwanza. Kwa wanaume wengi uchovu huo huanza polepole wakiwa na miaka 40 hivi, na kwa wanawake wengi huchelewa hadi hedhi inapokoma, kisha huja kwa mkupuo. Daktari wako hakukosea kusema ni umri, ila umri wa mishipa hauhesabiwi kwa cheti cha kuzaliwa peke yake.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Mapacha wa kike na wa kiume hutoka katika mayai mawili, hivyo hurithi kama ndugu wengine wowote wa tumbo moja, na sigara, uzito, pombe au chumvi vinaweza kumtangulizia mmoja wao presha kwa miaka mingi. Hayo nitakayoeleza ni wastani wa makundi ya watu. Yanalingana vizuri na hadithi yenu, lakini hadithi ya watu wawili si ushahidi.

Tuanze na mshipa wenyewe. Presha haipangwi na mishipa mikubwa unayoweza kuigusa shingoni au kwenye kifundo cha mkono, bali na ateri ndogo zenye upana chini ya nusu milimita, ambazo ukuta wake umezungukwa na misuli laini. Misuli hiyo ikijikaza kidogo tu, matokeo huwa makubwa, kwa sababu ukinzani wa bomba hupanda kwa kasi sana linapobanwa: kipenyo kikipungua kwa nusu, ukinzani huongezeka mara 16. Anayeamuru misuli hiyo ikaze au ilegee ni kemikali zinazofika kwa njia ya damu au zinazotolewa na ncha za neva, na kila kemikali hupokelewa na protini yake maalumu iliyopachikwa kwenye ngozi ya seli. Protini hiyo ndiyo kipokezi. Kifikirie kama kitufe cha kengele kwenye geti: mgeni hubonyeza nje, waya hupeleka habari, na kengele hulia ndani ya nyumba. Naomba usiusahau waya huo, kwa sababu mambo mengi ya uzee hutokea kwenye waya, wala si kwenye kitufe.

Mwaka 1948 mtaalamu wa dawa wa Marekani, Raymond Ahlquist, alionyesha kwamba adrenalini na ndugu zake hupokelewa na vipokezi vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Katika mishipa, alfa hukaza na beta, hasa ile ya namba 2, hulegeza. Noradrenalini inayomwagwa na neva za mfumo wa dharura hubonyeza vitufe vya aina zote mbili, ingawa huvipenda zaidi vya alfa, hivyo muda wote ndani ya ukuta wa ateri zako kuna watu wanaovutana kamba. Unachokiona kwenye mashine ya presha ni mahali fundo la kamba lilipotulia, na mahali hapo panategemea wavutaji wa pande zote mbili.

Hapa ndipo tofauti ya jinsia inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2000 watafiti wa London waliingiza noradrenalini kidogo kidogo katika ateri ya mkono ya vijana wenye afya, wa kike na wa kiume, huku mkanda mwembamba uliozungushwa kwenye kigasha ukipima damu inavyoingia. Kipimo kilekile cha dawa kilibana mishipa ya wanaume zaidi kuliko ya wanawake. Mtu angedhani kwamba wanawake wana vipokezi vichache vya alfa. Lakini watafiti walipoziba vipokezi vya beta kwa propranololi, tofauti ilitoweka. Upande wa kukaza ulikuwa na nguvu sawa kwa wote. Wasichana walikuwa na wavutaji wa ziada upande wa pili.

Miaka kadhaa baadaye, watafiti wa Mayo Clinic, katika jimbo la Minnesota, walilichunguza jambo hilohilo kwa njia nyingine. Sindano nyembamba sana huchomwa kwenye neva inayopita kando ya goti, na mtu aliyelala kitandani husikilizwa neva zake zikipiga: kila zinapotuma amri ya kukaza mishipa, mashine hutoa mvumo mfupi, na mivumo hiyo huhesabiwa kwa dakika. Kwa vijana wa kiume, aliyekuwa na mivumo mingi alikuwa pia na mishipa iliyobanwa zaidi, kama mtu yeyote angetarajia. Kwa wasichana hapakuwa na uhusiano wowote. Msichana angeweza kuwa na neva zenye kelele nyingi na mishipa iliyolegea kabisa. Walipompa propranololi, uhusiano ule wa wanaume ukajitokeza kwake pia. Kisha wakawapima wanawake ambao hedhi imekoma, na kwao uhusiano ulikuwapo tangu mwanzo, kabla ya dawa yoyote. Yaani ile kinga ya beta iliyokuwa ikizimeza amri za neva ilikuwa imeondoka.

Ile 100 kwa 60 yako ya ujana haikuwa upungufu wa damu, ingawa watu hupenda kuiita hivyo. Wingi wa damu ni jambo moja na msukumo wake ndani ya mishipa ni jambo jingine, na wale wauguzi, kwa utani wao, walikuwa wakiangalia mishipa iliyolegea vizuri. Kinga hiyo ina gharama yake ndogo: mishipa inayokataa kukazwa ndiyo sababu mojawapo ya wasichana kuzimia mara nyingi kuliko wavulana wakisimama muda mrefu juani, kwa mfano kwenye mstari wa asubuhi, kama bila shaka umewahi kuona shuleni kwako.

Sasa estrojeni inaingia wapi? Ili kulieleza hili inabidi tuutazame upande wa ndani wa mshipa, ule utando wa seli bapa unaogusana na damu. Kwa miaka mingi utando huo ulidhaniwa kuwa ni kama plastiki ya kufunikia tu. Robert Furchgott, huko Brooklyn, alikuwa akisumbuliwa na jambo dogo: asetilikolini, kemikali ambayo ndani ya mnyama hai huteremsha presha, ilikuwa ikikaza vipande vya mshipa wa sungura alivyovining’iniza kwenye chombo chake cha majaribio, badala ya kuvilegeza. Mwaka 1980, yeye na John Zawadzki walitangaza chanzo cha fumbo hilo. Vipande vilivyokatwa bila kusuguliwa upande wa ndani vililegea. Vilivyosuguliwa, hata kwa kidole tu wakati wa kukata, havikulegea. Vipokezi vya asetilikolini vilivyohusika na kulegeza havikuwa kwenye misuli, bali kwenye ule utando, na utando ulipopokea habari ulituma kitu kwa misuli jirani. Kitu hicho baadaye kilithibitika kuwa ni gesi, oksidi ya nitriki, na Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Napenda kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa pete mbili za mshipa zilizotundikwa bega kwa bega, moja ikiwa imepitishiwa kijiti ndani kuusugua utando. Dawa ni ileile, tone ni lilelile, kipokezi cha kwenye misuli ni kilekile, na kalamu ya mashine inayochora mkazo wa pete moja inapanda huku ya nyingine ikishuka. Ukishaliona hilo, huwezi tena kuuliza swali la aina ya “kemikali hii inakaza au inalegeza?” bila kwanza kuuliza utando wa ndani una hali gani.

Estrojeni hufanya kazi hasa kwenye utando huo. Seli zake zina vipokezi vya estrojeni, na kile kiitwacho alfa (jina tu ndilo limefanana na alfa ya Ahlquist, hivi ni vitu viwili tofauti) huamsha kimeng’enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki. Hukiamsha kwa njia mbili: ya haraka, ndani ya dakika chache, kupitia vipokezi vilivyo kwenye ngozi ya seli, na ya polepole, kwa kuingia katika kiini cha seli na kuagiza kimeng’enya chenyewe kitengenezwe kwa wingi. Kwa kuwa sehemu ya kazi ya kulegeza ya vipokezi vya beta hupitia pia kwenye oksidi ya nitriki, estrojeni inapokuwepo wavutaji wa upande wa kulegeza hupata chakula cha kutosha. Hata ndani ya mwezi mmoja jambo hili hupimika: mshipa wa mkono wa mwanamke mwenye hedhi hutanuka vizuri zaidi siku zinazokaribia yai kupevuka, estrojeni inapokuwa juu, kuliko siku za hedhi yenyewe.

Usidhani kwamba estrojeni ni mali ya wanawake pekee. Kaka yako anayo, kwa kuwa mwili wa mwanamume hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, na mishipa yake huitegemea kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za kijana wa miaka 28 aliyekuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anaendelea kurefuka, kwa sababu jeni la kipokezi chake cha estrojeni lilikuwa limeharibika na mifupa yake haikupata amri ya kusimama. Homoni alikuwa nayo tele. Kitufe ndicho kilichokuwa kibovu. Miaka michache baadaye walipopima mishipa yake, utando wa ndani ulikuwa haulegezi mshipa wa mkono kama inavyotakiwa, na akiwa na miaka 31 tu ateri za moyo wake zilikuwa zimeanza kuonyesha dalili za ugonjwa. Ni mtu mmoja, lakini anafundisha mengi.

Tugeukie umri. Kipimo rahisi cha afya ya utando wa ndani ni kufunga mkono kwa mkanda wa presha kwa dakika tano, kuufungua ghafla ili damu ikimbie, kisha kutazama kwa altrasaundi ateri ya mkono inavyotanuka. Mwaka 1994 David Celermajer na wenzake walitoa matokeo ya watu 238 wasio na presha, kisukari wala sigara. Kwa wanaume uwezo wa ateri kutanuka ulibaki palepale hadi miaka 40, kisha ukaanza kushuka taratibu. Kwa wanawake ulishikilia hadi miaka ya 50 na kidogo, kisha ukashuka kwa kasi ya zaidi ya mara mbili ya ile ya wanaume. Soma tena ulichoandika kuhusu kaka mwenye miaka 39 na wewe mwenye 53, uone jinsi mistari hiyo miwili inavyokaribia kupita juu ya maisha yenu.

Ndani ya mshipa unaozeeka mambo kadhaa hutokea pamoja. Oksidi ya nitriki hutengenezwa kidogo na huharibiwa haraka na kemikali kali za oksijeni. Vipokezi vya beta havipungui sana kwa hesabu, lakini waya unaoviunganisha na kazi ya ndani huingia kutu: kitufe kinabonyezwa, kengele inasikika kwa mbali. Upande wa alfa mambo si mepesi. Uzee huongeza mivumo ya neva kwa kila mtu, na kwa wanawake ongezeko hilo huwa kali zaidi baada ya hedhi kukoma. Vipokezi vya alfa kwa hiyo hukaa vimebonyezwa mchana na usiku. Ndiyo maana mzee akiongezewa dawa ya kubonyeza alfa, mishipa ya miguu yake huweza kuitikia kwa uvivu kuliko ya kijana. Si kwamba upande huo umelegea, bali umeshavuta karibu nguvu zake zote na haujabakiza akiba. Kumbuka sentensi hii tutakapofika kwa baba. Juu ya hayo yote ateri kubwa hukakamaa kwa kupoteza nyuzi zake za mpira, na ndiyo sababu uzeeni namba ya juu hupanda huku ya chini ikibaki au hata kushuka.

Vipokezi vingine vinafuata mkondo huohuo na nitavipitia haraka. Endothelini, kemikali inayokaza mishipa kuliko karibu zote tunazozijua, ina vipokezi A vinavyokaza na B ambavyo vikiwa kwenye utando wa ndani hulegeza. Wanawake vijana hunufaika na vile B, na baada ya hedhi kukoma faida hiyo hufifia. Angiotensini, kemikali nyingine ya kwenye damu inayopandisha presha, nayo ina kipokezi namba 1 kinachokaza na namba 2 kinachopinga, na jeni la namba 2 limekaa kwenye kromosomu X. Estrojeni hupunguza namba 1. Usije ukafikiri basi kwamba estrojeni hulegeza kila kitu: kwenye vidole huongeza vipokezi vya alfa namba 2C, ambavyo hujificha ndani ya seli wakati wa joto na kupanda juu ya ngozi yake baridi inapoingia. Hicho ni chanzo kimojawapo cha vidole vya wanawake kuganda na hata kuwa vyeupe kwa baridi, jambo ambalo ndugu zetu wa Njombe na Makete wanalijua zaidi ya sisi wa Morogoro na Dar es Salaam.

Kuna jambo moja hukulitaja ambalo lazima nikuulize, nalo ni mimba zako. Mwanamke mwenye mimba yenye afya huwa sugu dhidi ya angiotensini: watafiti wa Dallas walionyesha mwaka 1973 kwamba katikati ya mimba huhitaji karibu mara mbili ya kipimo cha kawaida ili presha yake ipande kiasi kilekile. Waliokuja kupata presha ya mimba walikuwa wamepoteza usugu huo wiki nyingi kabla presha yenyewe haijaonekana. Vipokezi vyao vilikuwa vimeshabadilika huku mashine ikisema yote ni salama. Mwanamke aliyewahi kupata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, au kifafa cha mimba chenyewe, hubaki na hatari iliyo karibu mara mbili ya maradhi ya moyo na mishipa katika maisha yake ya baadaye, hata kama presha ilirudi sawa baada ya kujifungua. Wanawake wengi hawaulizwi, nao hawasemi kwa kuwa ni mambo ya miaka 25 iliyopita. Kama yalikupata, mwambie daktari wako. Yanabadilisha jinsi anavyopaswa kukutazama.

Je, homoni zitakurudisha? Baada ya yote niliyoandika ungetarajia niseme ndiyo, na ndivyo madaktari wengi wa Marekani walivyofikiri kwa miaka. Mwaka 2002 jaribio kubwa la afya ya wanawake nchini humo, lililowagawa wanawake 16,608 wapewe estrojeni na projestini au vidonge visivyo na dawa, lilisimamishwa kabla ya wakati. Saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda vilikuwa vimeongezeka, na moyo haukupata kinga iliyotarajiwa. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Mshipa uliokaa miaka kumi na zaidi bila estrojeni, utando wake umeshachubuka na mafuta yameshajikusanya ukutani, hauipokei homoni kama ulivyoipokea zamani. Jaribio dogo zaidi lililotangazwa mwaka 2016 liliunga mkono fikra hiyo: estradioli, aina mojawapo ya estrojeni, ilipunguza kasi ya ukuta wa ateri ya shingo kunenepa kwa wanawake walioianza ndani ya miaka sita tangu hedhi ikome, na haikufanya hivyo kwa waliochelewa miaka kumi.

Wewe uko ndani ya dirisha hilo, lakini ushauri wangu haubadiliki. Homoni hutolewa kwa joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi uliovurugika, pale vinapomtesa mtu na hana kizuizi kama historia ya saratani ya matiti au ya damu kuganda. Hazitolewi kutibu presha. Tena vidonge vya estrojeni, kwa kuwa hupitia ini kwanza, huliamsha litengeneze zaidi mali ghafi ya angiotensini, na kwa wanawake wengine presha hupanda badala ya kushuka. Ya kupaka au ya kubandika kwenye ngozi haina sana tatizo hilo. Ukiwa na joto la ghafla linalokunyima raha darasani, zungumza na daktari wa wanawake kwa sababu hiyo, na presha uitibu kama presha.

Kuhusu amlodipini, daktari wenu alichagua vizuri kwa nyote wawili, na sababu yake inatokana moja kwa moja na tuliyoyazungumza. Dawa hii haigusi alfa, beta wala angiotensini. Huziba milango ya kalisi kwenye misuli laini, na kalisi ndiyo hatua ya mwisho ambako karibu amri zote za kukaza hukutana. Haijali sana ni kitufe gani kilibonyezwa, wala kama aliyekibonyeza ni wa kike au wa kiume, kijana au mzee. Jaribio lililofanyika katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na kutangazwa mwaka 2019, liliwapa wagonjwa 728 mchanganyiko wa dawa mbilimbili, na michanganyiko miwili yenye amlodipini ilishusha presha kuliko ule usiokuwa nayo.

Uvimbe wa miguu ni upande wa pili wa nguvu hiyohiyo. Amlodipini hulegeza ateri ndogo zinazoingiza damu lakini vena zinazoitoa huziacha kama zilivyo, hivyo msukumo ndani ya vimishipa vidogo kabisa hupanda na maji huvujia kwenye nyama, hasa jioni na hasa kwa mtu anayesimama siku nzima mbele ya ubao. Huwapata wanawake zaidi, na huongezeka kadiri kipimo kinavyoongezeka. Dawa ya kukojoa haiuondoi vizuri, kwa sababu tatizo si wingi wa maji mwilini. Kinachosaidia ni kupunguza kipimo na kuongeza dawa ya kundi linalozuia angiotensini, ambayo hulegeza na vena pia. Katika kundi hilo, zile zinazoishia na “-prili” husababisha kikohozi kikavu, tena kwa wanawake zaidi ya wanaume; zile zinazoishia na “-sartani”, zinazoziba kipokezi namba 1 chenyewe, mara chache hufanya hivyo. Makundi yote mawili hayafai kabisa kwa mwanamke mwenye mimba, jambo ambalo halikuhusu wewe lakini linaweza kumhusu binti atakayeona kidonge chako na kukiazima. Usiache wala kubadili dawa kabla hujaonana na daktari. Muonyeshe miguu jioni, si asubuhi ikiwa imeshapungua.

Nimalizie na baba, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye jambo la haraka kuliko nyinyi wawili. Dawa za tezi dume zinazoleta kupepesuka kama kwake huziba vipokezi vya alfa namba 1 ili shingo ya kibofu ilegee na mkojo upite. Vipokezi vya namba hiyo viko vya aina ndogo tatu. Tamsulosini hulenga zaidi ile iliyomo kwenye tezi. Prazosini, terazosini na doksazosini hazichagui, na kwa wazee ile aina inayokaza mishipa ndiyo huongezeka. Baba anapoinuka kitandani, karibu nusu lita au zaidi ya damu huteremka miguuni na tumboni. Kijana hukaza mishipa mara moja na moyo wake huongeza kasi. Baba, moyo wake hausikii tena vizuri amri ya beta, mishipa yake ilikuwa inategemea alfa peke yake bila akiba, na sasa hiyo alfa imezibwa. Akianguka usiku na kuvunja nyonga, tezi dume itakuwa tatizo dogo kuliko yote.

Kesho asubuhi, kabla hajanywa dawa, mpime akiwa amelala kwa dakika tano. Kisha asimame, wewe au kaka mkiwa mmemshika, na mpime tena dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, chukua karatasi hiyo pamoja na vidonge vyake vyote, vya presha na vya tezi, uvipeleke kwa daktari aliyemwandikia, naye ataamua kama abadilishe dawa au apunguze kipimo. Wakati mnasubiri, awekewe chombo cha kukojolea kando ya kitanda, taa iwe karibu, na akiamka aketi ukingoni mwa kitanda huku akikunja na kukunjua nyayo zake mpaka kichwa kitulie.